Sura ya Tano: Kamba ya Kuanikia Nguo

Mama yangu hali samaki. Kwa mkazi wa Mwanza hilo linahitaji maelezo, maana huo ni mji ambao mgeni asipowekewa sato mezani anaweza kujiuliza amekosa nini. Nyumbani kwetu samaki alipikwa, tena Mama ndiye aliyempika, akimgeuza kikaangoni huku uso ameuelekeza mlangoni. Sisi tukila, yeye alijisogezea bakuli la maharage. Aliyeuliza alijibiwa kwamba samaki humtoa vipele. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini nilipojua kuwa hajawahi kutokwa na kipele hata kimoja.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, aliyekuwa akiishi Bukoba. Mwaka 1996 viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikichukua vijana Mwanza, na Mama akamtafutia kibarua. Akampelekea nauli kwa mkono wa msafiri, kama watu walivyofanya kabla ya simu za mkononi. Jioni ya tarehe 20 Mei mjomba akapanda MV Bukoba.

Asubuhi ya tarehe 21 meli ilipinduka ikiwa safarini kuja Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Meli ilielea kwa saa kadhaa, tumbo lake la chuma likiwa juu, na waliofika pale walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Waokoaji walipokata chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 800 na 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wa waliopatikana wakazikwa pamoja Igoma.

Mjomba alikuwa daraja la tatu. Hakuwamo kwenye orodha ya waliopanda, na mwili wake haukuwamo kati ya waliopatikana. Mama alikuwa amekwenda bandarini kumpokea, na chupa ya chai mkononi. Alirudi usiku. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ninachokumbuka ni ile chupa: aliiweka mezani, ikakaa pale siku tatu nzima chai ikiwa ndani, na hakuna aliyethubutu kuimwaga.

Matanga yaliwekwa, kisha yakaanuliwa. Wazee walikaa barazani, na baba mkubwa akamwita Mama, akamwambia maneno ambayo kila Mswahili anaweza kuyamalizia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wengine wakaongeza kwamba apige moyo konde, ana watoto wanaomtazama. Mama akaitikia, "Nimesikia, kaka." Akaingia ndani kupika.

Methali hiyo nimeisikia kwenye misiba, kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, na kwa wanasiasa baada ya uchaguzi uliomwaga damu. Nimegundua jambo moja: anayeitamka ni nadra kuwa yule aliyeumia. Mara nyingi ni mtu anayetaka kikao kiishe. Sina ugomvi na methali yenyewe. Ninachojiuliza ni hiki: yaliyopita yakiwa ndwele kweli, tufanyeje? Maana methali imeazima lugha ya uganga, na mganga gani huyo anayesema hakuna ugonjwa kabla hajamgusa mgonjwa?

Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, aliyeanza kwa kuzungumza na familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, ametumia miaka mingi kuueleza msiba wa aina hii, ambao hauna maiti wala kaburi. Mtu hayupo, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba amekufa. Aliyebaki hukwama katikati: akilia anajiona amemzika ndugu aliye hai, asipolia anaonekana hana uchungu. Kwetu, huko kukwama kulikuwa na umbo la shati. Mjomba aliwahi kututembelea akasahau shati lake la mistari. Kila kiangazi Mama alilitoa sandukuni, akalifua, akalianika uani, akalipiga pasi, akalirudisha. Hatukuuliza. Mtoto hujifunza mapema mambo ya kutouliza.

Si kila aliyeumia hubaki hivyo, na ni vizuri kulisema wazi kabla hatujaendelea. Watu wengi waliopitia mauti, ajali, hata vita, hurejea kwenye shughuli zao kwa msaada wa ndugu, majirani, ibada na kazi. Huzuni inakuja na kuondoka, na kila inaporudi imepungua. Sura hii ni ya wale ambao haikupungua. Unamkuta mtu amefungua duka, amesomesha watoto, anacheka harusini, halafu harufu moja, honi moja, tangazo moja la redio linamrudisha pale pale.

Kwa Mama tangazo hilo lilikuja tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai. Alikuwa ndani ya kivuko kilichopinduka muda wote huo, mahali palipobaki na hewa. Nchi nzima ilifurahi. Mama peke yake ndiye niliyemwona akizima redio.

"Siku mbili," aliniambia. Baada ya nusu saa akarudia, "Mwanangu, siku mbili." Nikadhani anastaajabu kama sisi wengine. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akipiga hesabu ya mwaka 1996.

Tangu siku hiyo usingizi ulimtoka. Dada yangu alimkuta usiku wa manane amekaa karibu na mlango, viatu miguuni, viganja vimelowa jasho. Ukimuuliza unakwenda wapi, anasema haendi popote. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita, lakini mwili wake ulikuwa bandarini.

Kwa nini mwili hausomi kalenda? Wataalamu waliotengeneza njia ya tiba ninayotaka kuieleza, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wana namna nyepesi ya kulifafanua. Tuna kumbukumbu baridi na kumbukumbu moto. Ile baridi ni ya habari: lini, wapi, nani alikuwepo, kabla ya hapo nilikuwa nafanya nini, baadaye ikawaje. Ile moto ni ya mwili: sauti, harufu, moyo kwenda mbio, fikra iliyopita kichwani kwa nukta moja. Kwa tukio la kawaida hizi mbili hushikana. Ukikumbuka harusi yako unasikia ngoma, na papo hapo unajua ilikuwa mwaka fulani, ukumbi fulani, na kwamba imekwisha. Katika tukio la kutisha mno, ubongo huihifadhi ile moto kwa nguvu zote huku ile baridi ikibaki vipande vipande. Matokeo yake ni moto usio na mwaka wala mahali. Ukiguswa, hauji kama jambo la zamani. Unakuja kama jambo la sasa.

Ukilitazama hivyo, ushauri wa "sahau" unakosa maana. Mtu hawezi kusahau kitu ambacho kwake hakijawa cha jana. Kazi ya kwanza ni kukifanya kiwe cha jana, yaani kukipa tarehe, mahali, mwanzo na mwisho.

Njia ya wataalamu hao, yaani kusimulia maisha yako kwa mpangilio mbele ya msikilizaji, haikupimiwa kwenye kliniki za Ulaya pekee. Majaribio yake mawili mashuhuri yalifanyika Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi. Huko Imvepi, kaskazini, wakimbizi 43 kutoka Sudan waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilisimulia maisha yao kwa mpangilio katika vikao vinne. La pili lilipata ushauri nasaha wa kawaida. La tatu lilielimishwa tu juu ya dalili zao. Baada ya mwaka mmoja, waliosimulia na bado walikuwa na ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 29. Katika makundi mengine mawili walikuwa asilimia 79 na 80. Matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Mimi takwimu za watu 43 huzisoma kwa tahadhari, kwa kuwa ni wachache mno. Lakini mwaka 2008 yalitoka matokeo ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae wima. Walishiriki wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, na waliowasikiliza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliopewa mafunzo ya wiki chache. Miezi tisa baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kati ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba, waliofikia hapo walikuwa asilimia 37. Kundi jingine, lililopata ushauri wa namna nyingine kutoka kwa wasikilizaji hao hao, lilifikia asilimia 65. Kwa maoni yangu hilo linasema jambo kubwa kuhusu kusikilizwa kwenyewe, njia yoyote itakayotumika.

Kikao cha kwanza huanza na kamba. Inalazwa sakafuni. Mwanzo wake ni siku ya kuzaliwa, na mwisho wake huachwa umeviringishwa, kwa sababu maisha bado yanaendelea. Mtu anaweka mawe na maua juu yake kwa mfuatano wa miaka: ua kwa jambo jema, jiwe kwa jambo baya, makubwa kwa madogo. Hapo hakuna kusimulia kwa kirefu, ni kutaja jina la jiwe na kuendelea. Vikao vinavyofuata ndivyo vya kusimulia, tangu utotoni, na kila jiwe likifikiwa linasimuliwa polepole mpaka mwisho wake. Msikilizaji anaandika. Kikao kijacho anasoma alichoandika, msimuliaji anasahihisha. Mwishoni msimuliaji anaondoka na maandishi ya maisha yake mwenyewe.

Kusimulia huku ni tofauti kabisa na ile tabia yetu ya kumvamia aliyenusurika akiwa bado na tope mwilini: "Ehe, ilikuwaje?" Ziliwahi kupendwa sana programu za kuwakalisha watu mara moja tu, siku chache baada ya janga, waeleze yote. Tafiti zilipokusanywa pamoja ilionekana kikao cha namna hiyo hakizuii ugonjwa, na kuna waliozidi kuumia. Siku zile za mwanzo mtu anahitaji maji, blanketi, habari za ndugu zake, na mtu wa kukaa naye kimya. Hapo wanawake wetu wanaokuja msibani na kuingia moja kwa moja jikoni walikuwa sahihi tangu zamani.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amefanya kazi ya ushauri nasaha kwa wakimbizi Kigoma. Ndiye aliyependekeza kamba. Mimi nilipinga. Niliogopa, nadhani, kwamba Mama akianza kulia hatutajua namna ya kumnyamazisha. Binti akaniambia, "Mjomba, nani kasema anyamazishwe?" Kisha akaenda uani, akafungua kamba ya manila ya kuanikia nguo kutoka kwenye mwembe, akailaza barazani.

Maua yalikuwa waridi za jirani, zilizochumwa bila ruhusa. Mawe Mama aliokota mwenyewe. Maua ya mwanzo yalimtoka haraka: kipaimara, cherehani yake ya kwanza, mimi (nilipewa ua dogo, na nilipolalamika aliniambia nilichelewa kutembea). Kisha akarudi nyuma, akaweka jiwe mahali ambapo hatukutarajia, mwaka 1978.

Tulijua kwamba kwao ni ng'ambo ya mto Kagera, upande wa mpakani. Hatukujua kwamba majeshi ya Idi Amin yalipoingia Oktoba ile, yeye akiwa msichana wa miaka ishirini, alitembea kuelekea kusini na mdogo wake wa miaka sita, sehemu kubwa ya njia akiwa amembeba mgongoni. Walivuka daraja la Kyaka siku chache kabla halijalipuliwa. Aliposema hivyo aliuangalia mto usiokuwepo pale barazani, akasema, "Nilimvusha maji mwenyewe." Akanyamaza. Akachukua jiwe kubwa kuliko yote, akaliweka mwaka 1996, akasukuma kamba iliyobaki kando kwa mguu.

Kikao cha tatu ndicho kilichofika kwenye jiwe hilo. Niliruhusiwa kukaa, kwa sharti la kufunga mdomo. Binti alikuwa akiuliza maswali mafupi ya ajabu. Bibi, umesimama wapi? Kwenye uzio. Umevaa nini? Kanga. Unasikia nini? Mtu anasema imezama, mwingine anasema imechelewa tu. Tumboni unasikiaje? Baridi. Na sasa hivi, Bibi, mikono yako ikoje?

"Imelowa."

"Uko wapi sasa?"

"Niko barazani kwangu, na wewe unanichosha."

Binti akacheka, Mama akacheka, kisha wakarudi bandarini. Nimefikiria sana ule mwendo wa kwenda na kurudi. Kila Mama alipozama kwenye 1996, swali lilimvuta hadi barazani, akaona mwembe, akamsikia kuku, ndipo akarudishwa tena. Moto na baridi vilikuwa vinashonwa pamoja mbele ya macho yangu, mshono mmoja mmoja.

Karibu na mwisho alisema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Nauli aliyompelekea mdogo wake ilitosha daraja la tatu. Alikuwa na hela ya daraja la pili. Aliibakiza kwa ajili ya sare zetu za shule. "Ningempa ya la pili," alisema, "jina lake lingeandikwa. Hata kama asingepona, lingeandikwa."

Binti hakumwambia kwamba si kosa lake. Mimi nilitaka kumwambia, nikakumbuka sharti. Aliuliza tu: Bibi, siku unatuma ile hela, ulijua nini? Mama akafikiri. Akajibu kwamba alijua mdogo wake atalala kwenye sitaha, atapigwa baridi kidogo, asubuhi atamkuta na chai ya moto. Basi likaandikwa hivyo hivyo: hayo ndiyo aliyoyajua tarehe hiyo. Mengine aliyajua baadaye.

Naomba hapa nimtahadharishe msomaji anayetazama kamba yake ya nguo kwa jicho jipya. Kufungua jiwe la mtu halafu ukamwacha humo ndani ni kumtia kidonda juu ya kidonda. Mpwa wangu alifundishwa, na alikuwa tayari kusimama na kumpeleka hospitali endapo mambo yangemshinda. Hospitali zetu kubwa zina vitengo vya afya ya akili, na kwenda huko si dalili ya kichaa. Tena kamba haimalizi kila kitu. Haijibu kwa nini meli ilipakia kupita kiasi, wala kwa nini tukio likajirudia baada ya miaka ishirini na miwili kwenye ziwa lile lile. Huzuni ya Mama ilikuwa na chanzo cha hadharani, na kuna sehemu yake ambayo hakuna mshauri awezaye kuiganga barazani. Sehemu hiyo inatibiwa na orodha za abiria zilizo kamili.

Siku ya mwisho binti alisoma kurasa zote kwa sauti. Mama alisahihisha mara tatu. Kanga haikuwa ya njano, ilikuwa ya kijani. Baba mkubwa hakusema maneno yale barazani, aliyasema jikoni, mlangoni, akiwa na haraka. Na mdogo wake aandikwe kwa majina yake yote matatu, kila anapotajwa, hata kama karatasi zitaongezeka. Zikaongezeka mbili. Alizikunja, akazitia sandukuni pamoja na shati.

Siku hizi analala. Karibu na mlango hakai tena, ingawa mwezi Mei bado huwa mkali na sote tunamkwepa kidogo. Samaki hali mpaka leo, na uongo wa vipele ameuacha. Akiulizwa anajibu kwamba ziwa lina mdogo wake, na wageni wengi hapo hukosa la kuongeza.

Lakini siku ile kurasa zilipokwisha kukunjwa, sisi wawili tulikuwa bado tumekaa barazani tukimtazama kana kwamba atavunjika. Yeye akatutazama kama watu wasio na kazi. "Haya, nirudishieni kamba yangu," akasema. "Nguo zinavunda kwenye beseni." Binti akaifunga tena kwenye mwembe. Mawe tukayatupa nje, isipokuwa lile kubwa. Mama alilibeba mwenyewe, akaliweka chini ya mlango wa jikoni ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukijipiga na upepo wa ziwa. Lipo hapo hapo, na dada yangu ameshagonga kidole mara mbili.